Mbegu Iliyoachwa Ziwani

Kibomet, Kitale
6 Machi 2005

Mpendwa Tata Waruguru,

Salamu kutoka nyumba hii iliyojaa kikohozi cha vumbi, ingawa hakuna aliyelala kitandani. Mke wangu, Wangu, anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili ya chini ambayo anatuuma nayo. Cucu Nyambu, mama yako, mguu bado unamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Kwa sababu nilipewa jina la marehemu babu, ananiita mume wake mbele ya watu na kuniuliza nimemletea nini. Anauliza pia kwa nini binti yake aliyeolewa Bungoma, yaani wewe shangazi yangu, amesahau njia ya Kitale. Nimemwambia njia iko, mwenye miguu ndiye hayupo.

Sasa kazi. Unalikumbuka ziwa dogo la Chebarus, chini ya shamba la Ngari? Ulipoliona mwaka juzi ulisema ni chai ya jana. Ulisema kweli. Mahindi yalilimwa hadi ukingoni, na kila mvua ilishusha udongo majini. Kikundi chetu kimeyarudisha mahindi nyuma hatua hamsini na kupanda nyasi za asili. Ngari ni mwenyekiti, mimi ni katibu na ndiye ninayewatembeza wanafunzi. Lakini mwenye ujuzi hasa ni mlinzi wetu, mzee Kemboi. Alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, anajua kila jani, na ndiye aliyekwenda kwa miguu kutafuta mbegu za nyasi zilizokuwa hapa kabla ya trekta kuja. Yeye na mkewe Linah wanakaa katika kibanda cha mabati pale langoni.

Na samaki wamerudi, Tata. Ningu, wale wadogo wenye mdomo unaotazama chini, ambao mvua ikianza hupanda kijito kutaga mayai. Mwaka juzi mgono wetu, ule mtego wa kikapu, ulitoa ningu watatu. Mwezi uliopita ulitoa arobaini na mmoja. Watoto huwahesabu kisha huwarudisha majini. Sheria tunayowasomea langoni ni fupi: usitoe kitu ziwani, usitie kitu ziwani.

Lete darasa lako Jumamosi tarehe 2 Aprili. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe huongea peke yako.

Mtoto wako,
Gathii


Kibabii, Bungoma
20 Machi 2005

Gathii, baba yangu,

Usicheke, jina ni la baba yangu na nitakuita nitakavyo. Huku tuko salama. Binti yetu Mary Ann amepata C plus katika mtihani wa kidato cha nne na anatembea kama waziri. Mume wangu Nakhungu, tangu astaafu, amekuwa mtu wa bwawa la samaki. Amelichimba nyuma ya jikoni, na kila asubuhi, kabla hajaniuliza nimelalaje, anakwenda kuwauliza samaki.

Tutakuja, wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la saba. Mwambie mama asipike. Najua atapika.

Jambo lingine. Mama yako alipofariki mimi ndiye niliyekulea, nikakufundisha kusoma, na sasa naona umefungua kitu chako mwenyewe. Kwetu mtu akifungua shamba jipya, watu wake humletea mbegu. Baba alipopata ekari zake hapo Kibomet, shangazi yake alisafiri siku mbili na kikapu cha viazi, na viazi hivyo ndivyo vilivyotulisha mwaka wa kwanza. Sitakuja mikono mitupu nikachekwa. Usiniulize ninaleta nini.

Tata yako,
Waruguru


Kibomet, Kitale
17 Aprili 2005

Mpendwa Tata,

Mvua inanyesha vizuri na kikohozi kimekwisha. Cucu bado anasimulia ulivyokula viazi vyake ukamaliza sufuria, baada ya kusema asipike. Asante kwa maharagwe uliyotuletea, tumeyapanda. Asante pia kwa jogoo, ana kelele nyingi, na Wangu ameanza kumwangalia kwa jicho la kitoweo.

Wanafunzi wako wana adabu. Vile vishina vya nyasi walivyopanda, kila kimoja na kijiti chake chenye jina, vimeshika vyote. Kijiti cha "Mw. Waruguru" Kemboi amekizungushia mawe, eti mwalimu lazima awe na ua.

Ila mlinitoroka pale majini. Nilikwenda kumtafutia yule msichana kiatu chake kilichozama kwenye tope, na niliporudi wanafunzi walikuwa wanapiga makofi, nawe unapangusa mikono kwa leso. Nilipouliza kuna nini ukasema ni mambo ya walimu. Hata Kemboi, aliyekuwa amesimama karibu na matete, sikuweza kumtoa neno.

Mgono wa juzi, ningu hamsini na watatu.

Mtoto wako,
Gathii


Kibabii, Bungoma
8 Mei 2005

Baba yangu,

Tumefungua shule na chaki hakuna, lakini hiyo si habari mpya. Mwalimu mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwaka, na watu wananong'ona jina langu. Chama cha mazingira ninachokisimamia kimenipa sifa hata ofisi ya elimu. Omba Mungu.

Umenishukuru kwa maharagwe na jogoo. Hivyo vilikuwa vya jikoni. Mbegu yenyewe tuliiacha palepale ziwani. Nilipokusikia ukiwaambia watoto kwamba ningu walibaki watatu, nililionea huruma ziwa lako. Vuta subira, itakua uione. Wanafunzi wangu wameapa kunyamaza ili wasiharibu zawadi.

Tata yako,
Waruguru


Kibomet, Kitale
28 Agosti 2005

Mpendwa Tata,

Tuko wazima. Mtoto anatembea akishika ukuta. Cucu ameongezewa dawa ya mguu na anasema daktari ni mtoto mdogo asiyejua kitu. Jogoo tulimla, utusamehe.

Nina uchungu na sijui nianzie wapi. Mwisho wa Julai mgono ulitoa kambare, mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Wiki iliyopita ulitoa kambare wanne na ningu wawili. Wawili, Tata. Kambare hajawahi kukaa ziwa hili, maporomoko ya kijito huko chini yalimzuia tangu zamani. Tulimpasua mmoja mbele ya wanafunzi waliokuwa wamekuja siku hiyo, na tumboni mlikuwa na watoto wa ningu kumi na saba. Msichana mmoja akawapanga kwenye jani, mmoja mmoja, halafu akaniuliza kama tunaweza kuwarudisha majini.

Kuna baya zaidi. Mvua ikinyesha kambare hutambaa juu ya nyasi zenye maji. Kemboi amewakuta asubuhi katikati ya nyasi zetu wakielekea kijitoni, kule ambako ningu hutaga. Nyasi tulizopanda kulilinda ziwa ndizo wanazopitia.

Kikundi kilikutana Ijumaa. Ngari alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nani anakaa pale siku zote? Si ni huyu mzee? Na bibi yake si alipika kambare mwaka jana, watu wakasikia harufu?" Linah alimnunua kambare huyo sokoni Kitale, lakini nani atasikiliza. Siku hizi za siasa ya ndizi na chungwa, ya kura ya katiba, mtu anahukumiwa kwa kabila lake kabla hajafungua mdomo, na Kemboi ni peke yake kati yetu. Aliulizwa mara tatu, na mara tatu akasema, "Mimi sikutia samaki."

Nimeisoma tena barua yako ya Mei. Wakati ule nilidhani ulimaanisha vishina vya nyasi. Huenda nilidhani vibaya. Niandikie.

Mtoto wako,
Gathii


Kibabii, Bungoma
2 Oktoba 2005

Gathii,

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la shule wiki tatu, karani alikuwa mgonjwa. Huku muwa umekatwa na barabara imejaa trela. Mary Ann amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na nimemwambia kazi hii haina utajiri ila ina maneno mengi. Nakhungu alipata malaria lakini amepona. Mvua imeangusha choo cha wavulana shuleni, na nimekuwa nikizunguka kutafuta mabati. Watu wa ofisi ya elimu walikuja kuniona nikifundisha. Walikaa nyuma ya darasa wakiandika.

Pole kwa mambo ya ziwa. Lakini kambare naye si ni samaki wa Mungu? Labda mvua ilimleta. Maji yana njia zake, na wewe usijipe ugonjwa wa moyo kwa sababu ya samaki. Huyo mzee, kama hakufanya, ukweli utajitokeza wenyewe.

Mpe mama dawa kwa wakati.

Waruguru


Kibomet, Kitale
27 Novemba 2005

Tata,

Hapa tuko. Kura imepigwa na kelele zimepungua kidogo, ingawa majirani wawili bado hawasalimiani. Cucu haulizi tena lini utakuja.

Kemboi ameondolewa. Wanachama kumi na mmoja waliinua mikono, mmoja hakuinua. Ningependa kukuambia huyo mmoja ni mimi, lakini alikuwa mama mzee mwenye duka la mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na katibu ndiye aliyetakiwa kuandika barua ya kumfukuza. Niliiandika. Niliandika kwamba "kikundi kimepoteza imani naye." Kiswahili changu kilikuwa kizuri sana siku hiyo, ungejivunia.

Alipewa siku tatu akatumia moja. Linah alikunja mablanketi, na mzee akazunguka nyasi zote mara moja. Halafu akanikabidhi ufunguo wa lango kwa mikono miwili, vile unavyompa mtu unayemheshimu. Nasikia wamepanga chumba Kipsongo, mtaa wa mabanda mjini Kitale. Anavunja kokoto, na umri wake unaujua.

Ng'ombe wameshaingia kwenye nyasi, maana hakuna wa kuwazuia. Ngari anasema akirudisha mahindi hatua ishirini tu si neno. Shule mbili zimefuta safari. Mgono wa jana ulitoa kambare saba, na ningu hakuna.

Sikuulizi kitu. Wewe ni mzazi wangu na mtoto hamuulizi mzazi mambo kama hayo.

Gathii


Kibabii, Bungoma
22 Januari 2006

Gathii, baba yangu,

Nimeanza barua hii mara nne tangu Krismasi. Tatu ziko jikoni, Mary Ann amewashia moto. Salamu za nyumba hii utazipata siku nyingine.

Ni mimi. Unajua, lakini lazima niliandike kwa mkono wangu. Tuliwabeba chini ya kiti cha basi katika ndoo iliyofunikwa kwa leso, vifaranga ishirini na wanne wa kambare kutoka bwawa la Nakhungu. Yeye alidhani unachimba bwawa kama lake. Nilikuwa nimeisikia sheria yenu pale langoni. Nilidhani mnakataza takataka. Nani angekataza samaki kutiwa ziwani? Niliona ziwa lenye njaa, na mimi ni binti wa mtu aliyelishwa na viazi vya shangazi yake. Nilimwaga nikiomba. Niliwaambia watoto wapige makofi, mbegu ishike.

Hapo nilikosea kwa kutojua, na kosa kama hilo mtu husamehewa. Lakini barua yako ya Agosti ilipofika nilijua. Karani hakuwa mgonjwa, Gathii. Nilikaa na barua ile kwenye mkoba wiki tatu. Watu wa ofisi ya elimu walikuwa wamekaa nyuma ya darasa langu, na ukutani nyuma yao kulikuwa na picha ya ziwa lenu iliyochorwa na wanafunzi, pamoja na jina langu. Nikawaza, mzee mmoja wa kulinda lango atapata kazi nyingine. Ndivyo nilivyowaza, na ninaona aibu kukuandikia. Mimi ndiye niliyekuchapa ukiwa na miaka minane kwa kumsingizia mtoto wa jirani kwamba amevunja chungu.

Kazi nimeipata. Mimi ndiye mwalimu mkuu tangu tarehe tisa. Ninakaa katika kile kiti na hakinikai.

Wasomee kikundi barua hii. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha. Niambie Kemboi amesema nini.

Tata yako,
Waruguru


Kibomet, Kitale
5 Februari 2006

Mpendwa Tata,

Wangu anakusalimu. Cucu nimemsomea barua yako kwa sababu alinishika shati. Alisema yule shangazi wa viazi aliuliza kwanza shamba ni la udongo gani. Halafu akalia. Basi.

Niliwasomea kikundi Jumatano. Ngari alitazama viatu vyake na kusema kikundi kitamwandikia Kemboi kumwomba arudi, na katibu aandike. Nilisema safari hii siandiki, nitakwenda mwenyewe.

Nilimkuta Kipsongo ameketi juu ya rundo la mawe, nyundo mkononi, amefunga vidole kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Linah alinipa kiti chao kimoja. Nikatoa barua yako nimsomee, akainua mkono.

"Wacha. Mimi niliona," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale kwa matete. Mwalimu alimwaga ndoo, watoto wakapiga makofi."

"Na ukanyamaza, mzee?"

"Sasa ningefanya nini? Nimwambie mgeni wako, yule amekulea, mbele ya watoto wake, ati zawadi yako ni mbaya? Nikasema maji yetu ni baridi, labda watakufa. Hawakufa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hata siku ile ya mkutano, alipokuwa anafukuzwa nyumbani kwake. Alinitazama kama anatazama mtoto aliyechelewa shule.

"Nilikuwa nangoja wewe. Si ulinisomea ile barua ya mwezi wa tano? Tulikuwa tumekaa kwa lango, ukacheka, ukasema ati Tata ameacha mbegu kwa ziwa. Nikajua unajua. Nikasema huyu ni kijana mzuri, atasema. Halafu nikaona unaandika."

Nilikuwa nimesahau, Tata. Ama nilijisahaulisha. Nilimsomea mimi mwenyewe, na mwezi wa kumi na moja nikamwandikia barua ya kufukuzwa, naye akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nililia pale kwenye kokoto na watu wakipita. Linah akaniletea maji.

Ofisa wa samaki anasema kambare hawa hatutawamaliza. Tutawavua kila kiangazi, mwaka hadi mwaka, na labda juu ya kijito kuna ningu waliobaki. Nyasi zinaweza kurudi, lakini bila Kemboi sijui nipande nini na wapi.

Nilimwomba arudi. Alisema kibanda si neno, angerudi hata bila kibanda. Ana sharti moja, nalo si langu kulitimiza. "Wale watoto walipiga makofi," akasema. "Watakuwa watu wazima wakijua ati walifanya kitu kizuri. Mwalimu awalete wale wale, asimame pale alisimama, awaambie. Siku hiyo mimi nitakuja na mbegu yangu."

Mtoto wako,
Gathii


Kibabii, Bungoma
19 Februari 2006

Gathii, baba yangu,

Salamu kwa mama, kwa Wangu na kwa mtoto. Nakhungu amefunga mdomo wa bwawa lake kwa wavu na hataki kuongea na mtu.

Sikungoja kufika ziwani. Jumatatu niliingia darasa la nane, ndio wale wale, nikawaambia yote nikiwa nimesimama. Kisha yule msichana wa kiatu, Peris, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na yule mzee alilala wapi?" Nilimwambia Kipsongo, akaniuliza Kipsongo ni wapi. Mvulana aliyenishikia ndoo alitoka nje bila ruhusa. Nilimwacha.

Ofisi ya elimu nimewaandikia pia. Watafanya watakavyo.

Mwambie mzee Kemboi tunakuja Jumamosi tarehe 4 Machi, wote thelathini na wawili. Nitapitia Kipsongo kwanza, kwa miguu, nimwone yeye na Linah kabla ya watoto. Watu hapa wananiuliza nitambebea nini mtu niliyemkosea hivyo, hata Mary Ann ameniuliza, unga au blanketi. Nitakuja mikono mitupu. Nataka nimuulize kwanza anahitaji nini.

Tata yako,
Waruguru